SIKU FUPI YA BARIDI: MARAFIKI WAWILI WAENDA ELY KWA BAISIKELI

Watu wengi wa Kenya hudhani kuwa wanaijua baridi. Mtu wa Limuru au wa Kinangop, aliyekwisha kuona sakitu imetanda juu ya majani alfajiri mwezi wa Julai, husema, "Baridi ni ndugu yangu, nimezaliwa nayo." Maneno hayo si ya uwongo, lakini hayakutimia. Baridi ya milima ya Kenya huja alfajiri na kwenda zake jua likipanda. Baridi ya kaskazini ya Ulaya ni ya namna nyingine: hubisha hodi mwezi wa Desemba, hukaa hata Machi, na jua ambalo lingeifukuza halina nguvu. Hotuba hii yaeleza habari za siku moja ya baridi hiyo, ambayo vijana wawili wa Kenya waliitumia kwa kupanda baisikeli na kutazama mambo ya kale. Mna mengi ya kufurahisha katika safari hiyo, na mna jambo moja la kufikiriwa na kila mtu asafiriye pamoja na mwenzake.

Vijana hao walikuwa wanafunzi katika mji wa Cambridge, Uingereza. Mmoja alikuwa mtu wa Mombasa, naye alikuwa katika majira yake ya tatu ya baridi huko. Wa pili alikuwa mtu wa Kinangop, aliyefika mwezi wa Oktoba tu. Mtu angetazamia kwamba yule wa milimani ndiye atakayemfundisha yule wa pwani habari za baridi. Lakini mambo yalikuwa kinyume, kama itakavyoonekana.

Cambridge ni mji wa baisikeli. Nchi yake ni tambarare, na njia zake nyingi ni nyembamba tangu zamani, hata mtu wa baisikeli mara nyingi humpita mwenye motakaa. Mwalimu mkuu na mwuza samaki wote hupanda. Tena Uingereza ndiko baisikeli ya namna ijulikanayo leo ilikotengenezwa. Katika mwaka wa 1885 John Kemp Starley, wa mji wa Coventry, alitoa baisikeli yenye magurudumu mawili yanayokaribiana kwa ukubwa na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Miaka mitatu baadaye, yaani 1888, John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama aliyekaa Belfast, alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake wa tairi lenye upepo ndani, alilolifanya kwanza kwa ajili ya baisikeli ndogo ya mtoto wake. Na kutoka Nottingham zilikuja baisikeli za Raleigh, ambazo wazee wengi wa Afrika ya Mashariki walizipanda kwenda sokoni, shuleni na kanisani. Kwa hiyo vijana wale wawili hawakuwa wageni wa chombo hicho. Wageni walikuwa wa njia na wa majira.

Walipatana kwenda Ely siku ya Jumamosi moja ya Januari. Ely ni mji mdogo wenye kanisa kuu mashuhuri, nao uko maili 16 hivi kaskazini ya Cambridge. Shauri lao lilikuwa kuondoka mapema, kuzunguka kwa njia ya Wicken ili wayaone mabwawa ya kale, kufika Ely mchana, kisha kurudi kwa barabara iliyo fupi kabla ya giza.

Jioni ya Ijumaa yule wa Mombasa alizikagua baisikeli zote mbili. Alijaribu breki, akatia mafuta mnyororo, akajaza matairi, akafunga pampu na vifaa vya kuziba pancha. Kisha alitoa jozi mbili za glavu nene za sufu, akampa mwenziwe moja.

"Hizo ni za wazee, bwana," akasema yule wa Kinangop akicheka. "Mimi nimepeleka maziwa kwa baisikeli tangu utotoni, saa kumi na mbili asubuhi, mikono mitupu."

"Haya, ndugu yangu," akajibu mwenziwe. "Lakini maziwa yale uliyapeleka kwa nusu saa, kisha ukarudi kuota moto jikoni kwa mama." Hakusema zaidi. Alizitia glavu zile katika mfuko wake mwenyewe.

Asubuhi yake jua lilichomoza baada ya saa mbili. Ni vema jambo hili lifahamike. Kenya imekaa juu ya mstari wa ikweta, na mchana wake na usiku wake hulingana karibu mwaka mzima. Uingereza iko mbali upande wa kaskazini, na katika miezi ya baridi dunia imeinama hata upande ule umelipa jua kisogo. Hapo Cambridge, mwanzo wa Januari, jua huchomoza saa mbili asubuhi na dakika chache, na kutua karibu na saa kumi alasiri. Mchana mzima haufiki saa nane. Hata adhuhuri jua halipandi juu ya kichwa, bali hutambaa juu ya mapaa ya nyumba kama mtu aliye mgonjwa, na kivuli cha mtu ni kirefu mchana kutwa.

Yule wa Mombasa alikuwa na kipimo chake cha ufupi huo, nacho ni sala. "Kwetu," alimwambia mwenziwe, "baina ya adhuhuri na alasiri mtu aweza kula, akalala, akaamka, akanywa kahawa. Huku adhuhuri ni baada ya saa sita, alasiri iko karibu na saa nane, na magharibi imefika kabla hujamaliza chai. Ukizubaa kidogo, siku imekwisha kukuacha."

Waliondoka wakiufuata mto Cam, kwa njia ya kando ya maji. Ukungu mwembamba ulilala juu ya mto, na vijana wa vyuo walikuwa wakipiga makasia katika mashua zao nyembamba, wakitoa mvuke kinywani kama ng'ombe wa asubuhi. Nyasi zote zilikuwa nyeupe kwa sakitu. Upepo ulitoka kusini-magharibi, yaani mgongoni mwao, na baisikeli zilikwenda kama zinazoteremka. Yule wa Kinangop alifurahi sana. Alitangulia, akaimba, akajiona ana nguvu za watu wawili. Hakujua kwamba nusu ya nguvu hizo zilikuwa za upepo. Upepo wa nyuma haupigi kelele. Mtu huujua siku ya kurudi.

Mbele kidogo walitoka katika njia ya mto wakaingia barabara ndogo ya shamba, nayo ilivuka mfereji kwa daraja dogo. Barabara yenyewe ilikuwa kavu, ila juu ya daraja ilionekana nyeusi kidogo, kama iliyolowa. Haikuwa imelowa, ilikuwa barafu. Daraja huganda kabla ya barabara, kwa sababu hewa baridi hupita juu yake na chini yake pia, wala hakuna udongo wa kulipasha joto. Barafu hiyo ni nyembamba na haina rangi, hata jicho huona lami tu. Mtu akipita juu yake sharti ashike usukani sawasawa, asikate kona, wala asifunge breki.

Yule wa Kinangop alitaka kupunguza mwendo. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi tangu nusu saa, naye hakuweza kupima nguvu za mkono wake. Akaibana breki ya mbele kwa ghafula. Gurudumu lilitoka chini yake, akaanguka kwa goti na kiganja, baisikeli ikateleza mpaka ukingoni. Nyuma yao ilikuwa ikija lori ya mkulima. Dereva aliwaona mapema, akaiacha lori ipunguze mwendo pole pole, ikasimama hatua chache kutoka kwa yule aliyelala chini. Aliteremka, akamsaidia kuinuka, akauliza kama ameumia. "Sijambo," akajibu kijana. Dereva alitikisa kichwa, akawaonya juu ya madaraja mengine, akaenda zake.

Yule wa Mombasa hakusema "Nilikuambia." Alifungua mfuko wake, akatoa zile glavu, akamvalisha mwenziwe kama mtu amvalishavyo mtoto, maana vidole vya yule havikukubali kujikunja. Kisha akampa gazeti kuukuu alitie kifuani chini ya koti, kwa kuwa karatasi huzuia upepo kuliko nguo. "Goti je?" akauliza.

"Si kitu," akasema yule wa Kinangop. Lakini halikuwa si kitu. Lilikuwa limeanza kuuma ndani, naye aliona haya kusema, kwa sababu ya majivuno yake ya jana.

Polepole, wakiteremka na kuzikokota baisikeli kila walipoona daraja, walifika Wicken. Nchi hiyo yote, tangu Cambridge mpaka mbali kaskazini, huitwa Fens. Hapo kale ilikuwa mabwawa na matete matupu, na watu wake waliishi kwa kuvua samaki, kuwinda bata na kukata matete ya kuezekea. Katika karne ya 17 matajiri kadhaa, wakiongozwa na mkuu mmoja aitwaye Earl wa Bedford, walitoa fedha ili mabwawa yakaushwe, na kazi ikasimamiwa na fundi Mholanzi, Cornelius Vermuyden. Wachimbaji walikata mifereji mikubwa iliyonyoka kama kamba. Mmoja ulikwisha mwaka wa 1637, na wa pili mwaka wa 1651. Wavuvi wengi walipinga kazi hiyo, maana riziki yao ilikuwa majini. Lakini maji yalikwenda, na udongo mweusi uliotokea ulikuwa na rutuba ya ajabu.

Hata hivyo udongo ule, uliofanywa na mimea iliyooza majini kwa maelfu ya miaka, ulipokauka ulinywea na kuliwa na hewa. Nchi ikaanza kuzama. Mahali paitwapo Holme Fen, upande wa magharibi wa nchi hiyo, nguzo ilishindiliwa ardhini mwaka wa 1851 hata kichwa chake kikawa sawa na uso wa nchi. Leo kichwa hicho kiko karibu mita 4 juu ya ardhi. Nguzo haikupanda, nchi ndiyo iliyoshuka. Kwa hiyo mito ya Fens hupita juu kuliko mashamba, imeshikwa na matuta ya udongo pande mbili, na maji ya shambani hayawezi tena kushuka mtoni yenyewe. Sharti yainuliwe. Kwanza yaliinuliwa na vinu vya upepo; kisha na mashine za mvuke, kama ile ya Stretham iliyojengwa mwaka wa 1831 na ambayo jengo lake lingalipo; sasa ni pampu za dizeli na za umeme. Mwezi wa Machi, 1947, theluji nyingi ilipoyeyuka kwa ghafula na mvua ikaongezeka, matuta yalibomoka na mashamba mengi yakafunikwa tena na maji.

Yule wa Kinangop, akiwa mtoto wa mkulima, alisimama sana kuyatazama hayo. "Kwetu Kenya, huko Mwea," akasema, "maji huletwa shambani ili mpunga uote. Hapa hutolewa shambani usiku na mchana. Mkulima ni yule yule, na jembe lake ni moja. Maji tu ndiyo yamebadili upande."

Sehemu ya Wicken yenyewe haikukaushwa. Chama cha kuhifadhi mambo ya kale na ya asili, kiitwacho National Trust, kilinunua kipande chake cha kwanza mwaka wa 1899, na leo matete yake yangaliko, pamoja na ndege na wadudu wengi. Huko kiko kinu cha upepo cha mbao, kilicho cha mwisho cha namna yake kiwezacho kufanya kazi katika Fens. Zamani kilikuwa mahali pengine karibu, kikiyatoa maji mashambani. Mwaka wa 1956 kilihamishwa na kusimamishwa pale, na kazi yake ikageuzwa: sasa huyainua maji na kuyatia bwawani, kwa sababu nchi iliyo pande zote imezama, na bwawa limebaki juu likitaka kukauka.

Hapo walikula mayai na mkate, wakanywa chai moto ya chupa. Yule wa Mombasa alitandika koti lake nyuma ya kibanda, pasipo upepo, akasali adhuhuri. Mwenziwe alibaki kuwalinda baisikeli na kutazama juu, akaona ndege wakubwa weupe wenye shingo ndefu wakipita kwa safu. Hao ni mabata wa mwituni ambao kila mwaka huja Fens kutoka Iceland na kutoka pwani ya kaskazini ya Urusi. Alipoambiwa kwamba ndege hao huja huko kufuata joto, alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Basi kwao kukoje?" akauliza. Lakini mbayuwayu wa Uingereza wana shauri jingine. Wakati huo wote wamekwenda Afrika, na hawarudi mpaka majira ya kuchipua.

Kutoka Wicken njia ni tambarare, na mbali sana mbele huonekana kitu kama merikebu kubwa iliyotia nanga katikati ya mashamba. Hilo ndilo kanisa kuu la Ely. Mji wake umejengwa juu ya kilima kisichofika futi 100, lakini katika nchi ile kilima hicho ni mlima. Kabla ya mabwawa kukaushwa palikuwa kisiwa, na jina lake lasemwa kuwa latokana na mikunga, wale samaki wa mfano wa nyoka, waliojaa katika maji yake. Mwaka wa 673 Etheldreda, binti wa mfalme, alianzisha hapo nyumba ya watawa. Na baada ya William wa Normandy kuitwaa Uingereza mwaka wa 1066, watu waliomkataa, pamoja na Hereward, walijificha katika kisiwa hicho mpaka mwaka wa 1071, wakilindwa na matope kuliko na kuta.

Marafiki waliingia mjini yapata saa nane kasoro robo. Kanisa lililoko sasa lilianza kujengwa mwaka wa 1083. Katikati yake ulikuwa mnara wa mawe uliochukuliwa na nguzo nne. Usiku mmoja wa Februari, 1322, mnara huo ulianguka kwa kishindo. Mtawa aliyekuwa msimamizi wa jengo, Alan wa Walsingham, hakuurudisha mnara kama ulivyokuwa. Aliziondoa nguzo nne zilizoharibika, akaupanua uwanja wa katikati, akausimamisha juu ya nguzo nane zilizotengana. Juu yake fundi wa mbao wa mfalme, William Hurley, aliweka mnara wa mbao wenye madirisha pande zote, uliosimamishwa kwa magogo manane ya mwaloni, kila moja urefu wa futi 63. Ilikuwa kazi kubwa hata kuitafuta miti mirefu kiasi hicho. Mtu akisimama chini na kutazama juu, huona nyota kubwa ya pembe nane, na mwanga wa mbinguni ukishuka ndani yake, hata siku ya mawingu.

Vijana wakasimama chini ya nyota hiyo, wamevua kofia, hawasemi neno. Mwisho yule wa Kinangop alinong'ona, "Mzigo uliozishinda nguzo nne, nane wameuchukua miaka mia saba." Walizunguka kanisa lote, kisha wakaenda kuitazama nyumba aliyokaa Oliver Cromwell tangu mwaka wa 1636, kabla hajawa mtawala wa Uingereza. Yule wa Mombasa akasali alasiri. Walipotoka nje kuzitafuta baisikeli ilikuwa saa tisa na nusu, na jua lilikuwa limegusa mapaa ya nyumba, jekundu, halina joto.

Hapo ndipo siku ile ilipofika katika njia panda yake. Zilibaki maili 16. Asubuhi walikwenda na upepo mgongoni. Sasa upepo ungekuwa usoni mwao, na mwendo wa saa moja na nusu ungekuwa wa saa mbili na zaidi. Jua lingetua kabla hawajafika mbali. Na maji yote yaliyoyeyuka kidogo mchana yangeganda tena, madarajani na katika mabonde ya njia, pasipo mtu kuyaona.

"Twende, bwana," akasema yule wa Mombasa. "Tukikaza mwendo tutafika." Alisema kwa sauti ya uchangamfu, lakini moyoni hakuwa mchangamfu. Taa yake ya nyuma ilikuwa imefifia tangu Ijumaa. Alikusudia kununua betri mpya, akasahau. Na baridi huzipunguza betri nguvu. Yeye aliyekagua kila kitu cha mwenziwe hakuweza kukiri kwamba alisahau kitu chake mwenyewe, baada ya kuonekana siku nzima kuwa ndiye mwalimu.

"Twende," akajibu yule wa Kinangop, akikaza kamba za viatu. Goti lake lilikuwa limevimba hata suruali ilimbana. Alifikiri: nikisema siwezi, ataniona mtoto, jana nilijisifu, leo nimeanguka, na sasa nidai kubebwa? Akapanda.

Waliteremka kilima cha Ely bila kukanyaga pedeli, na kilimani goti halikusema kitu. Lakini chini, karibu na stesheni ya treni, njia ilipokuwa sawa na upepo ulipowapiga usoni, alikanyaga mara tatu, na mara ya tatu maumivu yalimpanda mpaka kiunoni. Pale alikuwa na nafasi ya kuchagua. Angeweza kuuma meno kwa maili moja zaidi, au mbili, na kuanguka katika giza, katikati ya mashamba, mahali pasipo nyumba, nyuma yake taa isiyoonekana. Alifunga breki.

"Ndugu yangu, simama," akaita. "Goti langu limevimba tangu darajani. Nilikuficha. Siwezi kufika Cambridge kwa baisikeli usiku huu."

Mwenziwe aligeuka, akakaa kimya kidogo. Kisha aliichomoa taa yake ya nyuma, akaiwasha. Ilitoa mwanga mdogo kama kaa la moto linalokufa, ikazimika. "Nami nilikuficha," akasema. "Taa hii ilianza kufa jana. Nilikuwa nikimwomba Mungu wewe useme umechoka, ili nisiseme mimi."

Walitazamana, wakacheka, na kicheko hicho kiliwapasha joto kuliko chai. Stesheni ilikuwa hatua mia chache. Walikata tikiti, wakazipakia baisikeli katika treni, na kwa muda wa robo saa hivi walikuwa Cambridge. Njiani walitazama nje kwa dirisha, pale palipokuwa na barabara yao. Hapakuonekana kitu ila giza, na mara moja tu taa nyekundu ya mpanda baisikeli mmoja, peke yake, akienda juu ya tuta dhidi ya upepo. Waliitazama mpaka ikapotea, wala hakuna aliyecheka.

Goti lilipona kwa siku chache. Mwezi wa Mei, wakati mchana wa huko una zaidi ya saa kumi na tano, walikwenda Ely tena na kurudi kwa baisikeli, jua lingali juu. Lakini walipowasimulia wenzao, safari waliyoisimulia zaidi ilikuwa ile ya Januari.

Mabwana na mabibi, yako mafundisho madogo katika habari hii, na liko moja kubwa. Madogo ni haya. Atakayepanda baisikeli katika nchi ya baridi avae nguo nyembamba nyingi kuliko nzito moja, afunike mikono na masikio, ateremke kwenye daraja lenye barafu, aanze safari kwa kuukabili upepo ili umsaidie kurudi, na ahesabu saa za jua kabla ya kuhesabu maili. Taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma ni sheria ya Uingereza usiku, na hata katika njia za Kenya, penye giza na magari ya mwendo mkali, mtu asiye na taa ameutoa uhai wake rehani.

Fundisho kubwa ni la urafiki. Vijana hao walipendana, kila mmoja alimchunga mwenziwe, na mmoja alibeba glavu za mwingine mfukoni bila kuombwa. Hata hivyo walikaribia kupatwa na hatari, kwa sababu ndogo sana: kila mmoja aliona haya kuonekana dhaifu mbele ya rafiki yake. Wazee walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Yeye asemaye "Siwezi" kwa wakati wake huwaokoa wawili, maana mara nyingi mwenziwe anangoja neno hilo hilo, hana ujasiri wa kulitoa.